Upande wa Nyuma wa Shuka

Sinema ilipokuja Kasongo, wanawake wa nyumba za Kiislamu waliitazama kutoka nyuma.

Hakuna aliyeketi akaamuru hivyo. Tangu gari la sinema lilipofika mara ya kwanza, shuka jeupe lilifungwa kati ya michikichi miwili kando ya uwanja wa mpira, na watu wakajigawa wenyewe. Wanaume wote, watoto, na Wakristo wake kwa waume walikaa upande wa mashine. Upande wa pili, kwenye giza, mama na dada za mjini walitandika mikeka yao wakatazama picha zilezile zikipenya kitambaa. Hawakuona kasoro. Picha zilionekana, sauti ya mfasiri ilisikika, na hakuna mwanamume aliyegeuza shingo kuwatazama.

Asubuhi ile ya mwaka wa hamsini na tisa, Waridi binti Hemedi alikuwa uani akipepeta mchele, na macho yake yalikuwa mazito. Juzi shangazi yake alimkataa mwanamume ambaye Waridi alimpenda, na hakuna aliyemwambia sababu.

Shangazi huyo ni Fatuma, dada mkubwa wa baba yake. Katika nyumba ile baba aliweza kununua, kuuza na kunung'unika, lakini mlango wa posa uliwekwa mikononi mwa shangazi. Akiufungua umefunguka. Akiufunga, hata baba mwenyewe alipita mbali. Asubuhi hii alikuwa amekaa juu ya kigoda akichambua sombe, majani ya muhogo, na kama kila asubuhi baada ya sinema, alikuwa akiwahukumu watu wa filamu mmoja mmoja.

Mpanda farasi hakumpendeza. Mtu mzima anayemwimbia msichana huku farasi anasikiliza, alisema, huyo hana shamba. Binti wa mwenye kinu alikuwa na sura nzuri lakini kiuno kama cha nyigu, mtu kama huyo atabebaje mtungi? Muziki uliopigwa kwenye gramafoni kabla ya picha ulikuwa wa wanaume wa Léopoldville wanaomlilia mwanamke kama mtoto anayelilia sukari. Waridi alisikia yote hayo akiwa ameinamisha kichwa juu ya ungo. Alikumbuka vizuri kwamba gitaa lilipoingia jana, kidole gumba cha mguu wa shangazi kilicheza juu ya mkeka mpaka wimbo ulipokwisha.

Nkambo, mama yao Fatuma na Hemedi, alikuwa amelala nusu kwenye kiti chake cha ngozi. Macho yake yalikuwa yamefifia, ila sinema hakukosa. Yeye alikuwa na sababu yake ya kuipenda, na aliirudia kila mara: maandishi yanayotangulia picha yanaanzia kulia na kwenda kushoto, kama ya msahafu chuoni. Wazungu walioandika vile, kwa maoni yake, hawakuwa watu wabaya sana.

"Maandiko ni mazuri, mama," shangazi alisema, "lakini adabu hawana. Wote wanakula na mukono wa kushoto. Hata bibi-arusi. Hata padri."

"Labda kwao iko baridi upande wa kulia," Nkambo alisema, akafumba macho tena.

Waridi alicheka bila kutaka, kisha akarudi kwenye ungo. Mwanamume ambaye yeye angemsimulia maneno hayo alikuwa amekataliwa.

*

Jina lake lilikuwa Atumani, wa Nyangwe, na kazi yake ilikuwa kusema. Filamu zilikuja na Kifaransa chake, au hazikuwa na maneno kabisa. Yeye alisimama mbele ya shuka, pembeni, na bomba la bati mdomoni, akawaambia watu kwa Kiswahili nani analia na kwa nini. Waridi aliijua sauti yake kabla ya kujua chochote kingine. Halafu alikijua kivuli chake, kwa sababu mwanga wa mashine ulimpata mabegani ukamtupa juu ya kitambaa, mrefu, mwembamba, akipunga mikono. Uso wake aliuona kwa vipande tu: jicho, shavu, pembe ya mdomo, kupitia ufa wa pazia lililotenga duka la baba na nyumba.

Ni pazia hilo lililowaunganisha. Msimu wa kwanza Atumani alikuja kununua sindano za gramafoni, na sauti ya kike kutoka nyuma ya pazia ikamwambia, polepole, kwamba jana usiku alisema uongo kuhusu yule mjane wa filamu. Na Waridi alikuwa amesema kweli: ulikuwa uongo. Tangu siku ile, kila gari liliporudi Kasongo, alikuja kwanza kusikia pazia lina maoni gani. Na sindano za gramafoni, zikihesabiwa alizonunua, zingetosha kupiga muziki mpaka mwisho wa dunia.

Leo pia alikuja. Barazani, baba yake Waridi na wenzake walikuwa katikati ya ubishi wao wa kila siku, nao mwaka ule ubishi ulikuwa mmoja: Wabelgiji wataondoka lini, na wakiondoka watabeba nini. Mmoja alisema uhuru utafika kabla ya mvua. Mwingine alisema hata barua kutoka Kabambare haifiki kabla ya mvua, sembuse uhuru. Hemedi hakutaka kuuacha ubishi mdomoni mwa wengine, akapaza sauti bila kugeuka.

"Waridi, mupe mutu sindano."

Waridi alifika nyuma ya pazia. Alisikia pumzi yake kabla ya salamu. Alishika kijaluba kidogo cha bati chenye sindano, akakipitisha chini ya pazia, mkono wake ukatokea mpaka kwenye kifundo, na hina ya wiki iliyopita bado nyekundu kwenye ncha za vidole. Atumani hakukichukua mara moja. Aliutazama ule mkono kama mtu anayesoma.

"Jana ulidanganya tena," Waridi alisema kwa sauti ya chini.

"Wapi?"

"Pale binti wa kinu alipopanda treni. Ulisema atarudi mavuno yakiisha. Ule harudi."

"Umejuaje?"

"Mugongo wake. Mutu mwenye kurudi hageuzi mugongo vile. Anageuza kidogo, anaacha sikio nyuma."

Atumani alicheka puani, kicheko cha mtu aliyekamatwa na akafurahi. "Watu walikuwa wamechoka, Waridi. Serikali iliwapa kwanza filamu ya pamba. Nusu saa ya pamba, na wao mchana kutwa walikuwa ndani ya pamba. Nikaona niwape kitu kidogo cha kwenda nacho nyumbani."

"Na mimi ulinipa nini ya kwenda nayo nyumbani?"

Nje mtu alipiga goti lake kwa kicheko, na mtu mwingine akamwambia anyamaze, asikilize kwanza.

"Wewe nilikuletea mujomba wangu kutoka Nyangwe," Atumani alisema. "Alivaa kanzu yake ya Idi. Alirudi na neno moja: mutoto bado mudogo."

"Mimi sikusema neno lile."

"Najua. Wewe ungesema maneno kumi." Alisogea nusu hatua, na pazia likatikisika kwa upepo wa kanzu yake. "Niambie ubaya wangu ni upi. Kama ni kitu cha kuacha, nitaacha. Kama ni gari, nitashuka. Lakini 'mutoto bado mudogo' siwezi kuipigania. Ni kama kupigana na moshi."

Waridi aliegemeza paji la uso kwenye mwimo wa mlango. Alitamani kumwambia kwamba tangu juzi chakula kilikuwa kama vumbi mdomoni. Alitamani kumwambia kuhusu Sumaili, mfanyabiashara wa Kabambare, mwenye duka la bati na meno mawili ya dhahabu, ambaye watu wake wangefika Ijumaa na ambaye shangazi hakuwa bado amempata na kosa. Alisema la pili tu, maana la kwanza lingemtoa machozi.

Atumani alihesabu siku kwa vidole. "Ijumaa," alisema. "Na sisi leo usiku tunaonyesha mara ya mwisho. Kesho alfajiri Placide, dereva wetu, anawasha gari, tunakwenda Kabambare, halafu Lusangi. Nitapishana njiani na wale wanaokuja kukuchukua."

"Nitamuuliza shangazi. Leo."

"Hakukuambia juzi."

"Juzi niliuliza kama mutoto. Leo nitamuuliza kama mimi." Kisha, kwa kuwa hakutaka waachane na uzito ule, aliongeza: "Iko pahali pamoja jana hukudanganya. Ule bwana alipoinama juu ya farasi akanyosha mukono, ukasema, 'Shika, dunia ni mbali na peke yangu siifiki.' Ningeushika, Atumani. Hata kama ulikuwa mukono wa kushoto."

"Wa kulia."

"Wa kushoto. Niliona."

"Waridi, mimi nasimama karibu na shuka mpaka naweza kumung'oa ndevu. Alinyosha mukono wa kulia."

"Basi tulitazama sinema mbili," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu juzi alitabasamu, na Atumani akaliona hilo tabasamu, nusu yake, kwenye ufa wa pazia. Walibaki hivyo. Jicho lilikutana na jicho, na kijaluba cha sindano kikawa kati yao, kimeshikwa na mikono miwili ambayo hakuna uliotaka kuwa wa kwanza kuachia.

Baba alikohoa mlangoni.

Mkono wa hina ulirudi ndani kama kichwa cha kobe. Hemedi hakuwa mtu mkali. Alimtazama kijana, akatazama pazia, akachagua kusema jambo ambalo barazani wote wangelisikia.

"Atumani, wewe unayelala ndani ya gari la serikali, tuambie. Wabelgiji wakienda, mutu wa gari atakula nini? Matairi?"

Wazee barazani walicheka. Atumani aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Baba, gari ni lao, wanaweza kulibeba. Mudomo ni wangu."

Kicheko kiligeuka upande. Hemedi mwenyewe alilazimika kuchezea ndevu ili kuficha mdomo wake. Nyuma ya pazia, Waridi alikaa sakafuni na kuuma ncha ya kikwembe alichojitanda.

*

Alimkuta shangazi bado na sombe. Hakuanza na maneno ya pembeni. Alikaa chini, akachukua fungu la majani, akauliza kwa nini Atumani alikataliwa. Alisema hataki kusikia kwamba yeye ni mdogo, maana Ijumaa iliyofuata hatakuwa mdogo kwa Sumaili.

Shangazi aliacha majani, akamtazama. Hakukasirika. Waridi aliona, kwa mshangao, kwamba alikuwa akimwonea huruma.

"Mutu hasemi aibu ya mugeni," shangazi alisema mwishoni. "Mujomba wake alikula chakula chetu. Ningemwambia nini, mutoto wenu hakufundishwa? Nikachukua neno la kawaida. Linatosha kufunga mulango na halivunji mutu."

"Aibu gani?"

"Anakunywa na mukono wa kushoto."

Waridi hakuelewa. Alirudia maneno yale kichwani kama mtu anayegeuza sarafu asiyoijua.

"Niliona na macho yangu, usiku wa kwanza," shangazi aliendelea. "Kivuli chake kilikuwa pale juu ya shuka, kikubwa kama nyumba. Alichukua kikombe na kushoto, akanywa na kushoto, akapangusa mudomo na kushoto. Nikasema labda alijisahau. Usiku wa pili, vile vile. Mutu ambaye mama yake hakumurekebisha mukono, atarekebishwa na nani? Na watoto watakaokula naye kwenye sinia moja watamutazama nani?"

"Mwite anywe kahawa hapa, umutazame."

"Ah. Mbele ya watu kila mutu iko na mukono wa kulia." Shangazi alitikisa kichwa polepole. "Mutu anajulikana pale anapofikiri hakuna anayemuona. Yule alikuwa gizani, amejisahau ndani ya kazi. Ule ndio mukono wake wa kweli. Mimi sikutakii ubaya, mwanangu. Sauti yake hata mimi naipenda."

Waridi aliinuka, akaenda kusimama karibu na kinu. Kilio kilikuwa kinapanda, lakini nyuma ya kilio kulikuwa na kitu kingine kinachomchoma kama mwiba mdogo. Kushoto. Wa kulia, Waridi. Karibu na shuka mpaka naweza kumung'oa ndevu. Bibi-arusi wa kushoto, padri wa kushoto. Maandiko ya Kifaransa yanayotoka kulia, wakati kwenye makopo ya dukani, kwenye magunia, kwenye kila kitu cha Wazungu alichowahi kukiona, yalitoka kushoto.

Aliugeuza mkono wake mwenyewe, kiganja juu, kiganja chini. Akaenda kuchukua shuka la kitanda cha Nkambo.

*

Ghala la mchele halikuwa na dirisha. Waridi alifunga shuka katikati yake, kutoka ukutani hadi ukutani, akaweka taa ya karabai juu ya gunia upande wa ndani, na kigoda mbele ya taa. Kisha alimwongoza Nkambo kwa mkono mpaka upande wa mlango, akamkalisha juu ya mkeka na kumwambia leo ipo sinema ya mchana. Nkambo hakuuliza imetoka wapi. Alikunja miguu, akatengeneza kikwembe na kungoja.

Shangazi alipoitwa alisema huo ni utoto, ila aliingia. Alikuwa na kahawa yake mkononi. Waridi alimwomba akae kwenye kigoda, uso kwenye taa, mgongo kwenye shuka, anywe tu kahawa yake kwa raha wakati yeye anatengeneza utambi. Shangazi alikaa. Kivuli chake kilipanda juu ya kitambaa, kipana, chenye kilemba. Aliinua kikombe kwa mkono wake wa kulia, mkono uliokula, uliosali, uliowalisha watoto wa nyumba ile wote tangu hawana meno, na kiwiko chake kikatanda pembeni. Akanywa.

Kutoka upande wa pili sauti ya Nkambo ilikuja, imejaa masikitiko.

"Pole. Na huyu pia."

"Nini, Nkambo?" Waridi aliuliza.

"Mwanamuke huyu wa sinema. Mwili muzuri, kilemba kizuri, na anakunywa na mukono wa kushoto. Nani alimulea?"

Shangazi Fatuma alibaki na kikombe hewani. Alikitazama. Alitazama mkono ulioshika kikombe. Akageuza kichwa polepole kuelekea shuka, ambako nyuma yake alikaa mtu pekee duniani aliyemlea.

Waridi aliinamia taa. Alijua, kama mtu anavyojua kwamba wali umeiva bila kufunua, kwamba neno moja la ushindi lingeharibu yote. Alishughulika na utambi ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Inua tena," shangazi alisema kwa ukali, akijiambia mwenyewe, akainua. "Mama, sasa?"

"Kushoto," Nkambo alisema. "Hana aibu, anarudia."

Kahawa ilipoa. Mwishoni shangazi aliweka kikombe chini, akapitisha kiganja juu ya shuka kutoka chini hadi juu, kama anapapasa mgongo wa ng'ombe aliyemnunua bila kumkagua.

"Toa shuka hili lenye kugeuza mikono ya watu," alisema. "Na mama yangu asijue."

Mchana wote hakumtaja Atumani. Alipika, akakosea chumvi, jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka kutokea. Waridi alipita mbele yake mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji, na kila mara shangazi alikuwa anatazama mahali pengine. Neno la kukataa lilikuwa limekwisha kutoka. Mtu kama Fatuma hakuwa na desturi ya kulifuata neno lake barabarani na kulirudisha nyumbani kwa sikio. Alasiri Waridi alianza kuogopa kwamba ameshinda ubishi na kumpoteza mtu.

*

Giza lilipoingia, gramafoni ya Placide ilianza kuita watu, na wanawake wa nyumba za jirani walitokea na mikeka kichwani kama kawaida. Shangazi alitoka na wake. Alitangulia. Walipofika penye michikichi, ambapo njia ya wanawake inapinda kwenda nyuma, Shangazi Fatuma hakupinda.

Alipita mbele ya shuka, polepole, na kilemba chake kikubwa. Wanaume walinyamaza safu kwa safu. Alichagua mahali pembeni, kando ya kina mama wa Kikristo, akamwamkia Apolline, mkulima aliyemletea mchele kila msimu, akamwomba asogee kidogo. Apolline alisogea, akasema kwa furaha kwamba upande huu mbu ni wachache, ila filamu ya pamba ni ileile. Mkeka ulitandikwa. Waridi alikaa, kikwembe mpaka kwenye nyusi. Nyuma yao, baada ya kusitasita, mikeka mingine ilianza kufuata.

Hivyo ndivyo alivyomwona Atumani mzima kwa mara ya kwanza. Hakuwa mrefu kama kivuli chake. Alikuwa na kovu dogo juu ya jicho ambalo ufa wa pazia haukuwahi kumwonyesha, na kanzu iliyofuliwa na mtu asiyejua kufua, na Waridi akaipenda ile kanzu. Atumani alipiga hatua kuelekea shuka, akageuka kuwasalimu watu, akaona. Bomba la bati lilikuwa tayari mdomoni. Hakuna sauti iliyotoka.

"Mufasiri amemeza bomba," mtu alisema, na watu wakacheka.

Aliipata sauti yake. Pamba ilipita, ikapigiwa miluzi. Farasi alikuja. Maandiko yalitangulia, na Waridi akayaona yakianzia kushoto, kama kwenye magunia, na shangazi pembeni yake akaguna peke yake. Atumani alisema usiku ule kama hajawahi kusema, lakini kwa sauti iliyokuwa inakauka, na macho yake yakirudi kila mara kwenye mkeka mmoja.

Kikombe kilikuwa juu ya kijimeza karibu naye. Bomba lilikuwa mkono wa kulia. Waridi aligundua hilo ghafla. Mpanda farasi alikuwa katikati ya maneno yake, watu walikuwa wanangoja, koo la Atumani lilikuwa limekauka, na mkono uliokuwa mtupu ulikuwa wa kushoto. Hakuna aliyemwonya. Hakujua kwamba anatazamwa kwa jambo hilo. Shangazi Fatuma alikuwa ameinamia mbele, viwiko kwenye magoti.

Mkono wa kushoto ulinyooshwa kwenye kijimeza.

Ulisukuma waya wa taa kando. Kisha Atumani aliinama, akalilaza bomba lake juu ya nyasi. Juu ya shuka mpanda farasi alifungua mdomo na kusema jambo kubwa ambalo hakuna aliyelielewa. Watu walipiga kelele. Placide, kutoka kwenye mashine, alimtukana kwa jina la mama yake. Atumani hakuharakisha. Alichukua kikombe na mkono wa kulia, akanywa mara tatu kwa kituo, akakirudisha, akapangusa mdomo, akaokota bomba, na kuwaambia wote wawe na subira, ule bwana alikuwa anataja tu jina la farasi.

Shangazi Fatuma alijiegemeza nyuma. Alikaa hivyo mpaka treni ilipofika, mpaka binti wa kinu alipogeuza mgongo. Waridi alisikia sauti ikisema juu ya vichwa vya watu, taratibu, kwamba huyu harudi, tazameni mgongo wake, mtu mwenye kurudi anaacha sikio nyuma. Kina mama walilia. Ilikuwa mara ya kwanza Kasongo kuambiwa ukweli kuhusu ile filamu.

"Kesho," shangazi alisema bila kumtazama, "kabla gari halijawaka, baba yako atume mutu kwa mujomba wa Atumani."

"Aseme nini, shangazi?"

Fatuma alitengeneza kilemba chake. Kidole gumba cha mguu wake kilikuwa kimeanza kucheza, kwa sababu Placide alikuwa amerudisha gitaa la Léopoldville.

"Aseme mutoto amekua."

"Tangu juzi?"

"Watoto wa siku hizi," shangazi alisema, "wanakua haraka."